Mvua ya Sikukuu ya Miti

Sisi tuliosoma Kindu wakati wa Wabelgiji tunaijua Sikukuu ya Miti. Miezi mitatu kabla yake, kila mwanafunzi alikula avoka, yaani parachichi, akafukia kokwa yake ndani ya kopo la maziwa, akailinda dhidi ya mbuzi. Mche wangu niliulaza karibu na kichwa changu. Mama alisema, "Huyu mutoto ataoa kopo."

Asubuhi ya sikukuu tulifika shuleni kabla ya kengele, mashati yamepigwa pasi ya makaa, matumbo yamejaa muhogo wa jana. Mashimo yalikuwa tayari kando ya barabara ya kwenda stesheni. Lakini mimi sikuweza kutulia. Kesho yake alfajiri tulikuwa tunahama. Baba alikuwa amepata kazi ya udereva kwenye machimbo ya Kampene, na mama alishanieleza kwamba lori lina nafasi ya watu na masufuria tu. Kama nisingeupanda mche wangu siku hiyo, ungepandwa na mtu mwingine. Sikumwambia yeyote. Niliongea na kopo langu zaidi kuliko na watu.

Halafu mawingu yakavuka mto Lualaba, mvua ikatukimbiza hadi barazani. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kifungo cha shati nilikichezea mpaka kikakatika.

Asumani, niliyekaa naye dawati moja, akakumbuka kwamba nilizaliwa baada ya mapacha. Kwetu mtoto wa namna hiyo alisadikiwa kuwa anaweza kufunga mvua ikome, kwa fundo la nyasi.

"Funga, basi! Unangoja nini?"

Nikatoka, nikapiga fundo kwenye nyasi mbele ya darasa zima. Ngurumo ikapasuka, maji yakaanza kuingia barazani.

"Mwalimu, huyu ameifungua!" Asumani akapiga kelele. Walicheka hadi wakashikana mabega. Masikio yangu yaliwaka moto.

Kisha mwalimu Ramazani akatangaza kwamba Bwana Mkubwa wa serikali, mgeni wetu wa heshima, haji, gari lake limekwama kwenye matope. Sikukuu itafanyika wiki ijayo. Wenzangu wakashangilia, wakaanza kutafuta njia ya nyumbani. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mwalimu, kesho sisi tunahama."

Akanitazama, akalitazama kopo.

"Kwa nini hukusema tangu asubuhi?"

Mwalimu akavua viatu, akakunja suruali. "Kateni majani ya migomba mufunike vichwa. Tunaenda."

Tukaenda darasa zima, bila bendera, bila hotuba. Mashimo yalikuwa yamejaa maji, tukayakomba kwa makopo yale yale tuliyotolea miche. Asumani akateleza, akaingia shimoni hadi kiunoni. "Basi nipandeni na mimi!" Kazi tuliyoiogopa kuliko zote, kuteka maji mtoni, mvua ilishatufanyia. Nilishindilia udongo kwa nyayo, nikasimama pale nikiutazama mche mpaka mwalimu akanivuta mkono.

Siku hizi sikukuu ya mazingira ina hema, vipaza sauti na fulana za bure. Yakianguka matone matatu, wajukuu wangu hukimbia kuficha simu, na mche uliopigwa picha hubaki ndani ya mfuko wake wa plastiki. Lakini wao huweka kibao chenye jina la aliyepanda. Hapo wametushinda.

Nilirudi Kindu nikiwa baba wa watoto wanne. Miparachichi ilikuwa imefunika barabara nzima. Niliutembea ule mstari mara mbili, mwanzo hadi mwisho, nikigusa gome la kila mti. Mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi kivulini akaniuliza, "Unatafuta nini, baba?"

Nikaona haya kumwambia. Nikaomba ndizi moja, nikakaa chini ya mti uliokuwa karibu.