Jina Alilotakiwa Kulitaja Baba Mdogo

Harufu ya ngozi za ng'ombe ilikuwa haitoki uani kwetu. Baba alizinunua kwa Wagogo wafugaji, akazitandaza juani na kuzikaza kwa vigingi, na upepo wa kipupwe ukija ukaichukua harufu ile hadi kwenye mtama tuliokuwa tukiutwanga na maziwa tuliyokunywa. Wageni walijifunika pua. Sisi hatukuisikia mpaka mwaka ule Baba alipoondoka, uani pakabaki vigingi vitupu, ndipo nikajua kwamba nyumba yetu ilikuwa na harufu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Dodoma ilikuwa mji mdogo, nyumba za tembe zenye paa la udongo, boma la Wajerumani upande mmoja, na vumbi lililoingia hadi ndani ya chungu kilichofunikwa.

Baba mdogo Mussa, mdogo wake Baba, alikuwa ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyejua kuandika herufi za Kiarabu na za Kizungu. Asubuhi alifundisha watoto Kurani, mchana alikuwa karani bomani, na ndoa za Waislamu wa mjini alizifungisha yeye. Amri ilipotoka kwamba kila nyumba itoe mwanamume mmoja kwenda kujenga reli, yeye na Baba walihesabiwa nyumba moja, maana waliishi ua mmoja. Alikuja na askari wawili na daftari. Alisimama mlangoni akaandika. Hakutuambia ameandika nini. Alfajiri ya pili askari walimwita Baba, naye akaenda amevaa kofia yake ya kitambaa, akasema atarudi mvua zikianza.

Mvua zilianza zikaisha. Aliyekuja ni mwanamume mmoja Mgogo wa Ihumwa, aliyefanya kazi naye. Alisalimu, "Mbukwa," akaketi chini, akaitoa ile kofia kwenye mfuko wa ngozi akampa Mama. Homa, alisema, siku nne tu, wakamzika pembeni mwa reli. Mimi nilikuwa nachambua mlenda. Niliendelea kuchambua, jani kwa jani, mpaka ungo ukaisha, na nilipoinua macho yule mtu alikuwa ameshakwenda. Mama alilia. Dada yangu Zuhura hakulia, nami nilimwiga. Baadaye nilijaribu kulia peke yangu nikashindwa, kama mtu anayejilazimisha kupiga chafya.

Majirani walisema kikulacho ki nguoni mwako. Baba mdogo alihamisha mlango wake ukatazama upande wa pili, lakini kila Ijumaa alituletea nyama, akaiweka kizingitini, akaondoka.

Mwaka uliofuata Rajabu, kijana mshona kanzu, alimposa Zuhura, na hapo ndipo shida ilipoanza. Hatukuwa na kaka, babu alikuwa amekufa, kwa hiyo walii wa dada yangu kwa sheria alikuwa Baba mdogo na si mwingine. Angeweza kufungisha ndoa mwenyewe, au angeweza kumpa wakala mtu mwingine, na upande wa akina Rajabu walikuwa wameshamtaja mwalimu mmoja wa Kondoa. Walisema haifai mkono ulioandika katika daftari lile umshike bwana harusi. Wazee wetu wakasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na kumpita ni kuutangazia mji kwamba ukoo umevunjika. Mama alichoka kusikia.

"Zuhura, mwanangu, sema wewe," alimwambia siku moja tukipepeta uwele. "Nikimkubali watasema nimesahau. Nikimkataa watasema nimetupa ndugu."

"Yeyote tu, Mama."

"Yeyote si jibu."

"Basi nipe siku mbili."

Zikapita siku nne. Alikuwa akifanya kazi zake zote kama kawaida, ananisuka nywele, anachota maji, na ukimwuliza jambo anakujibu vizuri, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni. Siku ya tano Baba mdogo alikuja mwenyewe. Tulimwamkia, "Shikamoo, Baba mdogo," akaitikia "Marahaba" huku akitazama vile vigingi. Hakuketi.

"Nimekuja kukupunguzia mzigo," alimwambia Zuhura. "Nitampa wakala yule mwalimu wa Kondoa. Mimi nitakaa nyuma na watu."

"Hapana," dada akasema. "Utafungisha wewe."

Mama aliacha kupepeta.

"Kwa nini, mwanangu?" Baba mdogo akauliza.

"Kwa sababu ukiniozesha itabidi uniite binti wa fulani. Utalitaja jina la Baba mbele ya watu, kwa sauti."

"Jina la kaka yangu nalitaja kila siku katika dua."

"Umeliandika, Baba mdogo. Sijakusikia ukilitaja."

"Sawa," akasema Baba mdogo, akaenda zake.

Siku ya harusi wanaume walijaa uani, sisi wanawake tuko ndani na mlango umerudishwa nusu. Hotuba ya ndoa aliisoma bila kujikwaa; sauti yake ilikuwa nzuri, hilo hata maadui zake walikiri. Kisha akaushika mkono wa Rajabu. "Nakuozesha Zuhura binti," akasema, akanyamaza. Nilisikia punda wa mtu akijikuna ukutani. Mzee mmoja alimnong'oneza jina, akidhani amelisahau, naye akatikisa kichwa. Akaanza upya, na safari hii akafika: "Zuhura binti Salum bin Mfaume, kaka yangu." Neno "kaka yangu" halimo katika maneno ya ndoa. Rajabu akasema amekubali, na vigelegele vikachelewa kidogo kuanza.

Nilimtazama dada yangu. Nilitaka kuona kitu usoni mwake, machozi au furaha, lolote. Aliomba maji, akanywa, akanirudishia kata. Baba mdogo hakula pilau. Kesho yake alirudi bomani na daftari lake, akaendelea mpaka vita vilipokuja na Wajerumani wakaondoka.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wote wazee, nilimwuliza Zuhura kama siku ile alimsamehe. "Sikumsamehe wala sikumkataa," alisema. "Nilitaka kusikia." Hatukurudia tena mazungumzo hayo.

Sasa Zuhura hayupo. Juzi hapa Majengo mjukuu wangu, anayeoa mwezi ujao, aliniuliza kama ami yake amfungishie ndoa, naye tatizo lake ni kwamba ami ana sauti ndogo na watu wa nyuma hawatasikia. Nilicheka, nikamwambia watatafuta kipaza sauti. Alipoondoka nilijikuta nikihesabu miaka. Baba mdogo Mussa, siku ile aliposimama mlangoni petu na askari nyuma yake na kaka yake ndani, hakuwa ametimiza thelathini. Mjukuu wangu anamzidi. Utoto wangu wote nilimwona mzee.