Leo tumeeleza kazi zetu kwa mdomo

Leo nimepata sifuri kwa kazi niliyoiandika mwenyewe.

Asistanti wetu, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu, anasema akili bandia inatuandikia Kifaransa chote. Kwa hiyo kila mmoja alipaswa kueleza kazi yake mbele ya darasa, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Yangu ilihusu maji ya mto Naviundu. Nilisimama, mdomo ukakataa. (Munanijua, mie ni mwenye haya.)

"Mama, ni weye uliandika, ao ni mashine?" asistanti akaniuliza.

"Ni mie."

Nikarudi kukaa, naye akaandika sifuri.

Gloire, rafiki yangu, aliandikiwa yote na mashine. Amechekesha hata asistanti. Kumi na sita juu ya ishirini.

"Ungeniambia, ningekufundisha kusema," akaninong'oneza.

Sijalia. Nimeisoma tena kazi yangu. Iko muzuri.

Wenye haya, ninyi munajibu namna gani?