Mama Aliyelala Ndani ya Kamba

Juzi huko Mweso nilifika kwenye mkutano wa nyumba za kubanana wanazotaka kuwajengea waliokimbia vita. Injenia alikuwa amefunga kamba chini kuonyesha kila parsele, yaani kiwanja cha nyumba moja. Papa mmoja, mzee mwenye shamba la pembeni, alikuwa anapiga kelele: «Hata muguu mumoja hautavuka mu maharagi yangu!»

Mama mmoja aliyekimbia Buleusa akaingia ndani ya kamba, nyuma ya mahali pa nyumba. Akalala chali, mikono kifuani.

«Mama, unafanya nini?» injenia akauliza.

«Kwetu tunazika watu nyuma ya nyumba, mu migomba. Bwana yangu nilimuacha kule peke yake. Naangalia kama mimi nitaenea hapa.»

Hakuenea. Miguu ilipita kamba, ikalalia maharagi.

Injenia akaanza kueleza habari ya makaburi ya wote. Yule Papa akachuchumaa, akainua kamba isimguse.

«Miguu iache hapo, Mama.»

Mikutano ya ardhi nimeona mingi. Hiyo ndiyo ya kwanza ambapo mwenyeji alimpa mgeni kipande bila ugomvi, na kilikuwa cha kuzikiwa.