Masizi ya Mama

Nakiri ujinga wangu: nilimsugua mama yangu uso kwa dodoki na majivu, kama sufuria.

Juzi, nikiwa barazani ninapokaa kutwa kama mtungi, nilimwona mke wa mwanangu akijipaka poda juu ya mabaka meusi mashavuni. Nikanusa liwa, ule mti wa kunukia wa kujipaka, ambayo haikuwapo.

Mchana ule wa utoto wangu, kwetu Likunja, tulimngoja baba, aliyekuwa akirudi kutoka mashamba ya karanga ya Nachingwea. Mama alisugua kipande cha liwa juu ya jiwe lenye maji, akajipaka mpaka mabaka yake yakajificha, kisha akasinzia mkekani. Mimi nilijua kila kitu: yale ni masizi ya jikoni, na mama ni mvivu wa kunawa.

Nilipomsugua kwa dodoki, aliruka akipiga kelele. Liwa ilitoka, mabaka yakabaki, na kengele ya baiskeli ya baba ilishasikika njiani.

"Nakutoa masizi, mama, baba asikukute mchafu!"

Mama alijifunika kanga usoni, akacheka huku analia. Ningetoa chochote nikisikie tena kicheko kile.

Jirani yetu, Bi Somoe, alichungulia uani. "Masizi gani, we mtoto? Hayo kaleta mdogo wako aliye tumboni. Akizaliwa, msugue yeye!"