Noelene na Sufuria Yenye Lebo

Noelene Tuckwell aliolewa na mtu aliyeamini kwamba kitunguu saumu ni dawa ya kufukuzia watu. Maisha yao yote pale Shepparton, Australia, mumewe Kev alikula nyama, viazi, karoti na njegere. Jumapili alikula vivyo hivyo, ila nyama ilikuwa imeokwa.

Mimi na Noelene tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha matunda ya kopo, tukisimama kwenye mkanda mmoja tukichambua mapichi na kuyapanga kwenye makopo. Kila nilipofungua bakuli langu la pilau wakati wa mapumziko, alikuwa akinusa kama paka aliyefungiwa nje ya jiko. Nikimkaribisha anasema, "Acha tu, shoga. Nikirudi nanukia viungo, Kev hatalala." Nami namwambia Kev akalale na mbwa. Alikuwa anacheka, kisha anarudi kwenye mkate wake.

Shida kubwa ilikuja siku ya harusi. Brett, mtoto wao wa pekee, alisilimu akamwoa Rusul, binti wa familia ya Kiiraki iliyohamia mtaa wa pili. Mama yake Rusul, Bi Sabiha, alipika dolma ya kulisha ukumbi mzima kwa mikono yake mwenyewe, kila jani la mzabibu limekunjwa na kujazwa wali na nyama. Masinia yakapita. Kev akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa sandwichi ya nyama ya chumvi, akafungua foili mbele ya wakwe zake, akaanza kula. Nilikuwa meza ya nyuma na foili niliisikia. Sandwichi yenyewe ilitengenezwa na Noelene asubuhi ile. Na kwa kuwa mumewe hakugusa sinia, naye hakugusa.

Sabiha alisema maneno machache kwa lugha yake, ambayo Rusul hajakubali kuyatafsiri mpaka leo. Tangu hapo hakukanyaga kwa akina Tuckwell. Wajukuu walipozaliwa, bibi mmoja alikwenda hospitali asubuhi na mwingine jioni, wasije wakakutana mlangoni.

Sitaki kumsema vibaya marehemu. Kev alinitengenezea mifereji ya paa langu na hakukubali hata chai. Lakini alipofariki na matanga kwisha, Noelene alibisha hodi kwangu akiwa na bakuli tupu mkononi.

"Hawa, nifundishe ile pilau."

"Leo?"

"Nimeinusa ujana wangu wote. Unataka nisubiri nini tena?"

Ya kwanza iliungua, ya pili ikawa uji. Ya tatu tuliila hapohapo jikoni, yeye amesimama, machozi yanamtoka, anasema ni pilipili manga. Nikamwachia hiyo pilipili manga.

Baada ya hapo hakushikika. Harjinder wa nyumba ya kona alimfundisha dengu za Kipunjabi, na bibi Fatime, Mwalbania, akamfundisha kukanda unga wa pai ya mchicha mpaka unakuwa mwembamba wa kuonea upande wa pili. Nyumba ile iliyokuwa ikinuka viazi na sabuni ikaanza kunukia binzari na giligilani. Jirani mmoja alimuuliza kama amepangisha wageni. Akajibu, "Hapana, ni mimi tu, nimechelewa."

Lakini kila nilipomsifu alinikata. "Hayo ni mazoezi, Hawa. Ninachotaka ni dolma. Nataka Sabiha akae kwenye meza yangu, ale chakula nilichopika mimi. Wajukuu wanaanza kuuliza kwa nini bibi zao hawali pamoja. Niwaambie nini?"

Mwalimu wa dolma alikuwa mkwewe Rusul, kwa siri. Majani yalichumwa kwenye uzio wa Fatime. Noelene ana mikono myepesi kuliko yangu, nikadhani hapo hakuna kazi. Kumbe mkono uliozoea kopo hausahau kopo. Alikunja na kubana, akapanga kwenye sufuria mpaka hapakuwa na nafasi ya kupitisha sindano. Wali ulipovimba, kila kitu kikapasuka.

"Mama, unapakia lori la kwenda Sydney?" Rusul alimuuliza. "Uachie mchele upumue!"

"Kiwandani ukiacha nafasi, msimamizi anakurudishia sanduku zima."

"Hapa msimamizi ni mama yangu, na huyo harudishi kitu. Anakwenda zake tu."

Alijaribu wiki baada ya wiki, majirani wote tukawa tunakula wali wenye vipande vya majani.

Siku moja nilimkuta na sufuria mpya kubwa mezani, inang'aa. Nikamuuliza ya zamani ina kasoro gani.

"Ile imepika bekoni, nyama ya nguruwe, tangu nimeolewa. Hata niisugue namna gani, siwezi kumwekea Sabiha chakula humo nikamtazama usoni."

"Na mbona hujabandua hii lebo ya dukani?"

"Naiacha. Nataka aione mwenyewe, nisiwe mimi wa kujieleza."

Nyama alikwishainunua kwa mchinjaji wa Kituruki, na shira ya komamanga aliagiza mpaka Melbourne. Kilichobaki kilikuwa adabu za mezani, na hapo mwalimu nilikuwa mimi.

"Akisema hapana, usikubali," nilimwambia.

"Mtu akisema hapana si hapana?"

"Kwenu nyie. Kwetu Tanga, na kwa Sabiha, hapana ya kwanza ni salamu tu. Ukirudisha sahani jikoni umemfukuza."

"Mungu wangu! Nimewashindisha na njaa watu wangapi mji huu?"

Sabiha alikubali kuja Jumapili mchana. Kupitia kwa Rusul alituma ujumbe kwamba anakuja kunywa maji tu. Alifika amevaa nguo nyeusi zilizopigwa pasi, akaketi na mkoba mkubwa mapajani, hakutaka kuuweka chini. Brett alikuwa ametoka jasho kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Karibu chakula," alisema Noelene.

"Asante, nimekula."

Noelene akanitazama. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Basi kula tena," akasema. "Sitakuruhusu uondoke hivi."

"Hapana, mama Brett, usijisumbue."

"Nimeshajisumbua. Sasa nisaidie."

Nyusi za Sabiha zilipanda. Nadhani hakutegemea Mwaustralia ajue raundi ya pili.

Noelene akaleta sufuria, akaifunika kwa sinia, akaipindua. Ikatoa harufu ya gundi iliyoungua, kwa sababu lebo ilikuwa imeshika moto pembeni. Akainyanyua sufuria. Mbavu za kondoo zilikuwa juu, vizuri, na chini yake vitunguu na majani. Mengine yalikuwa yamekaa imara. Mengine yalikuwa yamepasuka, wali nje.

Sabiha hakutazama chakula. Alivuta sufuria tupu, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya kile kikaratasi cheusi.

"Hii mpya?"

"Mpya. Haijapika kitu kingine."

"Umeninunulia mimi sufuria?"

"Ndiyo," alisema Noelene. "Na siku ile ya harusi ilinipasa nile. Nilikiona chakula chako na nilikitamani. Nisamehe."

Sabiha akafungua mkoba. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye foili na kukiweka mezani. Ilikuwa sandwichi. Rusul alijifunika uso.

"Nilikuja nayo niile mbele yako," alisema Sabiha. "Nimeingoja siku hii tangu harusini. Usiku kucha nimefurahi." Akaisukuma kando, kwenye kiti alichokuwa akikalia Kev. "Hiyo ni yake. Deni limekwisha. Lete sahani."

Akala. Alisema chumvi imepungua, na majani yamebanwa, na nani amekufundisha, huyu binti yangu mvivu? Akaongezwa bila kukataa hata mara moja. Noelene alikuwa anamtazama anavyotafuna, analia waziwazi, na safari hii hakusingizia pilipili manga.

Tulipokuwa tunatoa vyombo nilimwona amenyoosha mkono kwenye kiti cha Kev. Akafungua ile foili. Ndani mlikuwa na bilingani za kukaanga, yai, na achari ya embe. Akang'ata. Akafumba macho.

"Sabiha," akasema, mdomo umejaa. "Hii umeipikaje? Nifundishe."