Minazi ya Shangazi wa Muuzaji

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa wakili wa mauziano ya ardhi, na asubuhi ile bodi ya ardhi ilikuwa imekaa Msambweni kutoa kibali cha kiwanja cha Mwabungo. Mteja wangu, mnunuzi kutoka bara, alitaka kujenga nyumba za wageni. Hati ya muuzaji ilikuwa safi. Nilikuwa nimeikagua mwenyewe. Tingatinga lilikwisha kukodiwa.

Zamu yetu ilipokaribia, bibi mmoja akasimama mlangoni. Alikuwa shangazi yake muuzaji.

"Ardhi ni yake, wanangu, sikatai," alisema. "Minazi ni yangu. Baba aliniachia mimi."

Muuzaji akacheka. "Basi, shangazi, kaing'oe uibebe kichwani."

"Wewe umekuzwa kwa tui lake," alimjibu.

Chuoni nilifundishwa kuwa mti hufuata ardhi. Lakini mimi ni mtoto wa pwani hii. Nilijua kwetu shamba huweza kuwa la mmoja na minazi ikawa ya mwingine, na sikuwa nimeuliza. Ningenyamaza, kibali kingetoka na minazi ingelazwa kabla ya juma kwisha. Ningesema, ningemuumiza mteja wangu. Nikasoma Bismillahi moyoni, nikamwomba mwenyekiti atungoje hadi baada ya adhuhuri.

Nje nilimweleza mnunuzi kosa langu. Akanikazia macho.

"Wakili, mimi nanunua shamba ama nanunua kesi?"

Nilimwomba ramani ya majengo, nikaitandaza juu ya boneti ya gari lake, nikamwita bibi. Hakujua kusoma, ila nilipomwonyesha kisima na njia, alianza kuweka kidole: hapa mmoja, hapa miwili. Nami nikatia alama kwa penseli. Mnunuzi alitazama, kisha akaichukua ile penseli, akasogeza nyumba mbili nyuma. Minazi minne tu ikabaki palipochorwa kuta.

Niliandika mapatano palepale: mingine yote haikatwi, na bibi ataingia kuangua nazi maisha yake yote. Hiyo minne, nilimwambia bibi, hatuwezi kuiokoa. Anaridhia?

Mwadhini akaadhini adhuhuri. Bibi akaigusa mmoja mmoja kwenye karatasi, akanipa dole gumba nilipake wino.

Kibali kilitoka alasiri, mapatano yakiwa yameambatanishwa. Namshukuru Mola, ingawa kazi yangu nilijifunzia kwenye minazi ya mtu mwingine. Tangu hapo, kabla ya kugusa hati, nilimuuliza kila muuzaji ni nani aliyepanda miti.