Mtoto wa Filamu ya Misheni

Umeshawahi kumuona mtoto aliyepona akifa miaka arobaini baadaye?

Mimi nimemuona. Hapa Glenwood, ukimbizini kwetu, Jumamosi, ndani ya sinema, nimevaa kitenge changu cha misa.

Mjukuu wangu Carmel ndiye alituita. "Koko, ile filamu yenu ya Australia imerudi. Wameisafisha, iko kama mpya."

Tuliionea Bukavu tukiwa vijana, uwanja wa misheni, kwenye shuka jeupe. Mtoto wa mfuga kondoo anapotea nyikani. Baba yake anatafuta, anaona kiatu, anapiga magoti.

Hapo picha inakatika. Padiri anatuambia mtoto amepatikana, twende nyumbani. Tunapiga makofi.

Halafu vita ikaja. Alain wetu akapotea tukikimbia, njia ya Uvira. Alikuwa na miaka sita, sweta ya kijani, kifungo kimoja hakipo.

Kila nikilia, mume wangu Pascal ananiambia, "Nyamaza, Mama Alain. Hata yule wa Australia alipatikana."

Nanyamaza. Mpaka leo, kila Mkongomani mgeni anayefika saluni za Pinetown, namuuliza kama amemuona Alain.

Basi tukakaa sinema. Baba akaona kiatu. Akapiga magoti.

Picha haikukatika.

Akainua tawi. Mtoto alikuwa chini yake, midomo imepasuka, nzi machoni. Wameisafisha kweli, hata miguu ya nzi niliiona. Wakamzika palepale.

"Eish, Koko," Carmel akanong'ona. "Si mlisema alipatikana?"

Nikamgeukia Pascal. Alikuwa amefumba macho tangu kwenye kiatu.

"Ulijua?"

"Nilijua. Ni mimi nilikuwa nazungusha mashine ya sinema ya padiri. Aliniambia nizime pale, watu wasirudi nyumbani na msiba."

"Na mimi ukanizimia palepale."

"Siku ile ya Uvira ulikuwa umekaa barabarani, Mama Alain. Ulikataa kutembea. Ningekuambia nini?"

Ni kweli, nilikuwa nimekaa. Risasi zinalia, nimekaa.

Tukatoka, tukasimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja taxi ya Queensburgh.

Nyinyi mnaosoma, mtu akikubebea uchungu wako, siku moja muulize wa kwake ameuweka wapi. Mimi nilichelewa mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

"Na wewe, Papa Alain," nikamwambia, "wewe ulikuwa unataka nini?"

Akavua kofia.

"Nilitaka tukae matanga. Tangu Uvira. Nilitaka kumlilia mtoto wangu."